Programu inasema hivi, mita inasema vile: kumtafuta mkosaji kwenye modeli ya nishati ya jengo

Umeunda modeli ya jengo kwenye EnergyPlus au DesignBuilder, programu za kukokotoa nishati ya majengo, umeiendesha kwa mwaka mzima, halafu umeweka matokeo kando ya vipimo ulivyochukua kwenye jengo lenyewe. Havilingani. Wa kwanza kushukiwa huwa ni programu, na mara nyingi sana ndiyo isiyo na hatia.

Mwaka 1983 Ron Judkoff na wenzake, kwenye taasisi ya Marekani ya utafiti wa nishati ya jua iliyokuja kuwa NREL, waliyagawa makosa haya mafungu mawili. Fungu la kwanza liko nje ya programu: hali ya hewa iliyoingizwa siyo iliyokuwepo, watu hawakuishi ulivyodhani, sifa za kuta na mitambo si za kweli, au mtumiaji kakosea tu kuandika. Fungu la pili liko ndani: fizikia iliyorahisishwa kupita kiasi, au kosa kwenye msimbo. Fungu la pili halihukumiki mpaka la kwanza limefungwa. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kushuku ni huu: mita, saa, hali ya hewa, namba ambazo programu ilijijazia yenyewe, watu, na mwisho kabisa programu.

Mifano mingi hapa ni ya Dar es Salaam na pwani, na si kwa kupenda nyumbani tu. Programu hizi zimekulia nchi za baridi. Kisanduku chochote ulichokiacha wazi zinakijaza kwa namba ya huko.

Usianze na jumla ya mwezi. Chora grafu ya wiki moja, saa kwa saa, mstari wa vipimo na mstari wa modeli pamoja. Jumla inakwambia kuna tofauti, lakini ni umbo la grafu linaloonyesha tofauti hiyo inatoka wapi.

Uwiano ni uleule saa zote

Gawanya vipimo kwa matokeo ya modeli, saa moja baada ya nyingine. Ukipata namba moja inayojirudia mchana na usiku, kiangazi na masika, achana na modeli, nenda kwenye kabati la umeme. Hakuna kosa la ukuta wala la dirisha linaloweza kutoa uwiano usiobadilika hivyo.

Kwenye jengo la fezi tatu, mita kubwa haipimi mkondo wote moja kwa moja. Inapimia kupitia CT, yaani transfoma ndogo inayopunguza mkondo ili mita iweze kuusoma. CT ya 200/5 maana yake usomaji wa mita uzidishwe kwa 40, na asiyejua hilo ataleta vipimo vilivyopungua mara 40. Hilo ni rahisi kuliona. Gumu zaidi ni pale vipimo vinapokuwa theluthi moja ya modeli. Kachungulie mishale iliyochorwa kwenye CT za loga yako, kile kifaa kinachonasa vipimo chenyewe. Moja ikifungwa kinyume, fezi yake inahesabiwa hasi. Mzigo ukiwa umegawanyika sawasawa, moja jumlisha moja toa moja inabaki moja kati ya tatu. Ukipata theluthi mbili, CT moja haisomi kabisa, au waya wa volti wa fezi hiyo umechomoka.

Vipimo vikizidi modeli kwa robo hivi, uliza kama loga ilipima ampea peke yake na mtu akazidisha kwa volti 230. Zao hilo ni volti-ampea, si wati. Pawa fakta, yaani uwiano wa wati kwa volti-ampea, ikiwa 0.8, kama ilivyo kawaida kwa mota ndogo za pampu na kompresa za zamani, umeongeza matumizi kwa asilimia 25 bila jengo kula hata uniti moja ya ziada. Tena volti yenyewe jioni mtaani haikai 230.

Mwaka unalingana, miezi inavurugika

Karibu siku zote hii ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mteja amenunua umeme wa laki tatu siku moja, akakaa nao mwezi na nusu, nawe ukachukua risiti ukaiita matumizi ya mwezi ule. Risiti ina tarehe ya kununua, haina tarehe ya kutumia. Tena usigawe shilingi kwa bei ya uniti, kwa sababu ndani ya fedha ile kuna VAT, tozo za REA na EWURA, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo. Chukua uniti zilizoandikwa kwenye risiti. Bora zaidi, soma kwenye mita yenyewe jumla ya uniti zilizokwisha kutumika, tarehe mosi ya kila mwezi, saa ileile. Kenya mambo ni hayohayo kwa tokeni za Kenya Power, na gharama ya mafuta inayobadilika mwezi hadi mwezi inazidi kuharibu hesabu ya anayeanza na shilingi.

Halafu kuna kukatika kwa umeme. Mita ya shirika inasimama, jengo linaendelea kwa jenereta, na hizo kilowati-saa hazionekani popote isipokuwa kwenye daftari la dizeli. Jenereta ya ukubwa wa kati iliyobeba mzigo wa kutosha hutoa takriban kWh 3 kwa lita, na ikibeba mzigo mdogo hutoa pungufu ya hapo. Kama hakuna jenereta, loga inaandika sifuri. Sifuri hiyo usiiingize kwenye wastani kana kwamba jengo lilichagua kutotumia umeme. Ifute saa hiyo, na ufute pia saa mbili tatu zinazofuata, kwa sababu umeme ukirudi AC zote zinakimbizana kulipa joto lililojikusanya na modeli haina habari ya kilichotokea.

Umbo ni lilelile ila limesogea

Kilele cha modeli ni saa 8 mchana, kilele cha vipimo ni saa 9. Au kinyume chake. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kuongeza unene wa ukuta, kwa kuwa ukuta mzito kweli huchelewesha joto. Subiri kwanza. Sogeza safu ya modeli saa moja mbele, kisha saa moja nyuma, na ukokotoe kosa upya kila mara. Kosa likishuka ghafla kwa upande mmoja, jambo hilo ni la saa. Ukuta ukibadilika, urefu wa wimbi hubadilika pia. Saa ikikosewa, wimbi linabaki vilevile na kuhama tu.

Saa hukosewa kwa njia kadhaa. EnergyPlus huandika muda wa mwisho wa kipindi: mstari wa saa 01:00 ni wastani wa kuanzia 00:00 hadi 01:00. Loga nyingi huandika usomaji wa papo hapo, nyingine muda wa kuanza. Hapo tayari una nusu saa au saa nzima ya mkanganyiko. Njia ya pili ni ya kwetu kabisa: daftari la mlinzi. Ameandika "AC zimewashwa saa 2, zimezimwa saa 11", na mwanafunzi akaingiza 02:00 na 11:00 kwenye ratiba. Ofisi ikawa inapozwa usiku wa manane. Kosa hilo la saa sita huonekana haraka kwenye grafu, ila kwenye jumla ya mwezi linaweza kujificha vizuri sana.

Njia ya tatu ni jua. Afrika Mashariki inafuata saa ya meridiani ya nyuzi 45 mashariki, na hakuna mji wa Tanzania wala Kenya uliofika kwenye mstari huo. Kwa wastani jua la Dar es Salaam linafika utosini kama dakika 23 baada ya saa 6 mchana, la Nairobi dakika 33, na la Kigoma saa nzima. Juu ya hapo kuna mabadiliko ya mwaka: Dar mwanzoni mwa Novemba ni kama saa 6 na dakika 7, katikati ya Februari ni kama saa 6 na dakika 37. Programu inajua haya yote, mradi mstari wa kwanza wa faili la EPW, yaani faili la hali ya hewa, uwe na longitudo na zoni ya saa sahihi. Ikiachwa zoni 0, au longitudo ikiwekewa alama ya kutoa, jua zima linahama. Kwa uhakiki, chukua siku moja isiyo na wingu, tafuta saa mbili, moja ya asubuhi na moja ya alasiri, ambazo mnururisho (nguvu ya miali ya jua) uliopimwa unalingana, kisha tazama katikati yake. Isipoangukia kwenye adhuhuri ya jua, loga na faili hazifuati saa moja.

Chumba kisicho na jua ndicho kinachopata joto

Modeli inasema chumba cha kusini kinaungua mwezi Juni. Mwenye nyumba anacheka. Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba liko kusini kwa nyuzi 17 hivi. Latitudo ikiandikwa 6.8 badala ya -6.8, picha inageuka. Kosa hilo likikosekana, angalia pembe ya kaskazini ya jengo. Mchoro wa msanifu huwa umewekwa ukae vizuri kwenye karatasi, na mshale wa kaskazini umeachwa pembeni hauna wa kuutazama.

Kama jiografia iko sawa, fungua safu za mnururisho. Kuna mtego hapa unaopoteza wiki za watu. Mtafiti ameweka piranomita, kipimo cha mnururisho, juu ya paa, amepima mnururisho wote kwenye uso mlalo, akaubandika kwenye safu yake ndani ya EPW, akaendesha modeli upya. Hakuna kilichobadilika. Si ajabu: EnergyPlus haiitumii safu hiyo. Inatumia mnururisho wa moja kwa moja na ule uliotawanyika, na safu hizo mbili bado ni za faili la zamani. Ni lazima uugawe mnururisho uliopimwa katika sehemu hizo mbili, kwa mlinganyo wa kugawia au kwa kipimo cha pili chenye kivuli. Ukimaliza, hakikisha kwamba wa moja kwa moja ukizidishwa kwa kosaini ya pembe ya jua kutoka utosini, ukajumlishwa na uliotawanyika, unarudisha ule uliopimwa.

Na faili lenyewe je? "Mwaka wa kawaida" umeungwa kwa miezi ya miaka tofauti. Unafaa kusanifu jengo, haufai kulinganishwa na vipimo vya mwaka uliopita hata kidogo. Uwanja wa ndege nao uko mbali na bahari kuliko Msasani, na upepo wa mchana unaotoka baharini haufiki sehemu zote kwa saa moja wala kwa nguvu moja. Ukiweza kupima joto, unyevu, mnururisho na upepo hapohapo kwenye jengo, pima.

Ghorofa ya chini ya modeli ina baridi isiyoelezeka

Hii ndiyo ninayoitafuta kabla ya nyingine zote ninapopewa modeli ya mtu wa pwani. Usipoiambia EnergyPlus joto la ardhi chini ya sakafu, inaweka nyuzi 18 kwa miezi yote 12. Wastani wa hewa ya Dar kwa mwaka ni kama nyuzi 26, na ardhi ya chini hufuata wastani huo. Hakuna mahali Ilala unapoweza kuchimba ukakuta 18.

Piga hesabu uone uzito wake. Sakafu ya zege ya milimita 150, pamoja na tabaka la hewa juu yake, hupitisha kama wati 3.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Chumba kikiwa nyuzi 26 na ardhi 18, wati 30 zinazama kwenye kila mita ya mraba. Kwa nyumba ya mita za mraba 100 hizo ni kilowati 3: modeli imefungiwa AC ya bure ya BTU 10,000, inafanya kazi mchana na usiku, na hailipiwi umeme. Halafu mtu anashangaa kwa nini modeli inatabiri uniti nusu ya zile za mita, anaanza kuongeza idadi ya watu na kompyuta mpaka namba zinakutana.

Dawa ni kipimo. Bandika kihisi kwenye uso wa sakafu katikati ya chumba, mbali na kuta za nje, ukifunike kwa kipande cha spongi ili kisisome hewa. Kiache wiki moja. Ukilinganisha joto la uso huo na la modeli, utajua kama ardhi imekosewa kabla hujagusa kitu kingine. Kwa jengo linalopozwa mwaka mzima, ardhi iliyo chini yake hasa hukaribia joto la chumba, na kingo za nje hufuata hewa. Programu ina njia za kukokotoa hayo, zitumie.

Chini ya bati

Ghorofa ya juu au nyumba ya bati: dari halisi ni moto kuliko la modeli. Nyenzo yoyote usiyoielezea uso wake, EnergyPlus inaipa ufyonzaji wa jua wa 0.7 na utoaji wa miali ya joto wa 0.9. Bati jipya la mabati halifanani na hayo. Linaakisi sehemu kubwa ya jua, sawa, lakini linatoa miali ya joto kidogo sana, kama 0.25, kwa hiyo joto lililoingia halipati pa kutokea na upande wa ndani hauangazi sana kuelekea dari. Likipata kutu, namba zote mbili zinapanda. Bati la miaka kumi na bati la mwaka huu ni nyenzo mbili tofauti kwenye modeli.

Modeli inaruka, nyumba imetulia

Joto la modeli linapanda hadi nyuzi 34 alasiri na kushuka hadi 24 alfajiri, huku loga ikizunguka kati ya 27 na 31. Sababu ya kawaida ni uzito wa ndani uliosahaulika: kuta za kugawa vyumba, slabu ya juu, makabati, makaratasi. Tazama pia bloku. Bloku lenye matundu na bloku zima si kitu kimoja, na mafundi hutumia lolote lililopatikana siku hiyo.

Dalili ikiwa kinyume, yaani nyumba ndiyo inayoruka na modeli imetulia, nenda kaangalie loga imewekwa wapi. Iliyopachikwa karibu na dari, inayopigwa na jua la saa 10, au iliyobandikwa kwenye ukuta wa magharibi, haipimi hewa ya chumba. Modeli inadhani hewa yote ya chumba ina joto moja. Chumba cha kweli chenye dari refu na feni iliyozimwa kina matabaka. Weka loga angalau mbili kwa kimo tofauti, zikingwe jua kwa karatasi inayong'aa yenye upenyo wa hewa, na kabla ya kuzitawanya zikalishe zote pamoja kwenye maji ya barafu, zikiwa zimefungwa vizuri zisilowe. Zinatakiwa zisome sifuri. Zisizosoma sifuri zinaandikiwa marekebisho yake.

Kwa nyumba ya madirisha ya luva, mzizi wa tatizo huenda ni hewa yenyewe. Hapa hakuna anayekisia vizuri, hata mzoefu. Pima kwa kaboni dioksidi: watu wakishatoka chumbani, fuata jinsi gesi inavyoshuka kuelekea kiwango cha nje, takriban ppm 420. Tofauti kati ya ndani na nje ikibaki asilimia 37 baada ya saa moja, hewa inabadilishwa mara moja kwa saa. Rudia wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwa sababu dirisha lililo wazi halipitishi hewa ileile katika misimu hiyo miwili.

Joto linalingana, umeme wa AC haulingani

Kagua kwanza kama umeiachia programu ichague ukubwa wa AC. Ikichagua yenyewe, inachagua ya kutosha, na chumba kinafika kila joto ulilotaka. Maisha si hivyo. Watu wameweka rimoti kwenye 16, AC ni ya BTU 12,000, yaani kilowati 3.5 za kupoza, chumba kinahitaji mara mbili yake, na joto halijawahi kushuka chini ya 24. Modeli iliyoambiwa 16 itakula umeme wa kufika 16. Ingiza uwezo halisi ulioandikwa kwenye kibati cha mashine, na ukumbuke kwamba 24 ya kwenye rimoti ni hewa inayorudi kwenye mashine kule juu, si hewa ya mezani.

La pili ni unyevu. Pwani wakati wa kiangazi, sehemu kubwa ya kazi ya AC ni kukausha hewa, na modeli iliyokosea kiasi cha hewa ya nje inayovuja itakosea hapo zaidi kuliko kwenye joto. Kipimo chake ni cha bei ya ndoo. Tega ndoo kwenye bomba la maji ya AC kwa saa kadhaa, pima lita. Kila lita ni takriban kWh 0.68 za joto fiche lililoondolewa. Linganisha na joto fiche la modeli kwa saa hizohizo. Sijaona njia nyingine ya bei hii inayotenganisha unyevu na joto la kawaida waziwazi hivyo.

Usiku, kama mita iko juu na modeli iko karibu na sifuri, tafuta taa za ulinzi, seva, friji za vinywaji na pampu inayojaza tanki. Mara nyingi inatosha kupita jengo zima saa 4 usiku.

Kila kitu kinalingana

Dalili hii nayo inahitaji kuchunguzwa. Chukulia mfano: Januari mita inasoma kWh 1,200 na modeli 1,000, Julai mita 800 na modeli 1,000. Kosa la jumla, linaloitwa NMBE, ni sifuri kamili. CVRMSE, ambayo hairuhusu makosa kufutana, ni asilimia 20. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa kupasha na kupoza majengo, unataka vyote viwili: kwa data ya mwezi NMBE isizidi asilimia 5 na CVRMSE 15; kwa data ya saa, 10 na 30. Anayekuonyesha kimoja tu, muombe cha pili.

Vigezo hivyo ni vya nishati. Usipige asilimia kwenye joto la chumba, maana kosa la nyuzi 2 kwenye wastani wa 27 ni asilimia 7 kwa Selsiasi, na chini ya 1 kwa Kelvini. Andika nyuzi.

Tena kufikia vigezo hakuthibitishi kwamba modeli ni ya kweli. Ina visanduku mamia na wewe una namba 12 za miezi. Kuna mseto mwingi usio wa kweli unaotoa namba hizohizo, ukiwemo ule wa ardhi ya nyuzi 18 na kompyuta za kubuni. Ndiyo maana data ya miezi kadhaa ifungiwe kando, isiguswe wakati wa kurekebisha, kisha modeli ijaribiwe nayo. Na kila kisanduku unachobadilisha kiwe na sababu iliyotoka kwenye kipimo, risiti au picha, iandikwe. "Niliongeza uvujaji wa hewa mpaka ikafanana" si sababu.

Sasa unaweza kuishuku programu

Jengo lenye watu halifai kwa kesi hii; lina mashahidi wengi mno wanaopingana. Kuna njia mbili.

Ya kwanza haihitaji jengo. Mwaka 1995 Judkoff na Joel Neymark walitoa BESTEST, jaribio la kulinganisha programu, ambalo ASHRAE baadaye ililifanya msingi wa Kiwango namba 140. Ni kisanduku cha mita 8 kwa 6, kimo mita 2.7, chenye mita za mraba 12 za vioo upande wa kusini, kwenye hali ya hewa ya Denver. Kesi 600 ni ya kuta nyepesi, 900 ya kuta nzito, na nyingine zinabadilisha jambo moja moja: kivuli cha dirisha, vioo vya mashariki na magharibi, kupitisha hewa usiku. Matokeo yako unayaweka kando ya yale ya programu nyingine. Ikiwa 600 inaingia ndani ya mkanda wa matokeo ya programu hizo na 900 haingii, unajua kosa liko kwenye uhifadhi wa joto. Ila haithibitishi ukweli, inathibitisha tu kwamba programu zinakubaliana, na Denver ni kukavu: unyevu wa Tanga haujaribiwi na kesi hizo. Usisahau pia kwamba DesignBuilder inaendeshwa na EnergyPlus ndani yake. Hizo mbili zikikubaliana, ni shahidi mmoja kasema mara mbili.

Ya pili ni vipimo halisi vilivyobanwa. Mfano bora ninaoujua ni wa Holzkirchen karibu na Munich, ambako taasisi ya Fraunhofer ya fizikia ya majengo ina nyumba mbili pacha zisizo na wakazi. Chini ya mradi wa Shirika la Kimataifa la Nishati unaojulikana kama Annex 58, majaribio yalifanywa 2013 na 2014. Timu za nchi mbalimbali zilipewa michoro, nyenzo na hali ya hewa iliyopimwa, zikatabiri bila kuonyeshwa kilichopimwa ndani, kisha zikafunguliwa majibu. Sehemu kubwa ya tofauti za awamu ya kwanza ilitokana na watu kukosea kuingiza data, si programu. Na hao walikuwa wataalamu waliokabidhiwa kila kipimo.

Kilichonivutia pale ni hita. Iliwashwa na kuzimwa kwa mfuatano wa kubahatisha, makusudi, ili joto lake lisifuatane na la jua. Ukiwasha hita kila siku saa 6, huwezi kujua chumba kilipanda kwa hita au kwa dirisha. Hilo unaweza kuliiga hapa kwa gharama ndogo: chumba kitupu kilichofungwa, hita ya kilowati 1 yenye mita yake, mtu wa kuisimamia, na ratiba ya kuwasha iliyopangwa kwa kurusha sarafu. Joto linalopanda na kushuka kwa kufuata ratiba hiyo ya sarafu linakuambia uzito wa chumba na upotevu wake bila kuchanganywa na jua.

Baada ya hapo, tofauti ikibaki kubwa kuliko jumla ya mashaka ya vihisi vyako, umepata jambo. Punguza modeli mpaka kibaki chumba kimoja chenye kosa lilelile, toa kila kisichohusika, jaribu toleo la nyuma la programu uone kosa lilianza lini. Kwa EnergyPlus msimbo uko wazi, na waandaaji wanapokea taarifa hadharani. Wapelekee faili hilo dogo, EPW yako, namba ya toleo, vipimo pamoja na usahihi wa kila kihisi, na maelezo ya mistari miwili: ulitarajia nini, ulipata nini. Modeli ya hoteli nzima yenye vyumba 140 hakuna atakayeifungua.